Hiki ni Kipindi cha Ngapi?

Kipindi cha pili cha fainali, kati ya vipindi vitatu, kilikuwa kinakaribia kwisha, na Ilpo Sarkola alikuwa anapaka haradali kwenye soseji kwa mgongo wa kijiko, maana visu vyote vya chumba cha waandishi vilikuwa vimeshaibwa tangu mechi za makundi. Alipaka bila haraka, kutoka ncha hadi ncha, kama fundi anayepaka mlango rangi. Ilpo ndiye mwenyekiti wa jopo la kuchagua timu ya nyota katika mashindano ya kimataifa ya hoki ya barafu ya vijana, yale yanayofanyika Hietaniva kila mwaka kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Alikuwa na kazi hiyo tangu enzi ambazo mtangazaji wa redio kama yeye alikuwa mtu mzito katika mji mdogo wa Ufini, na hakuwahi kuchagua nyota akiwa na njaa.

Safari hii jopo lilikuwa na watu watatu tu. Mjumbe wa nne, Mcheki, alikuwa amelala hotelini, tumbo linamwendesha. Walibaki Ilpo, Torbjörn Ekdahl wa gazeti moja la Uswidi, na Virpi Luukela wa gazeti la hapo hapo mjini. Mezani palikuwa na chupa ya kahawa, mkate mtamu wa iliki uliokatwa vipande vinene, na simu ya Ilpo. Dirisha kubwa lilitazama chini barafuni, ambako vijana wa Hietaniva walikuwa wanamenyana na vijana wa Norrvik kutoka Uswidi.

"Golikipa tumemaliza," alisema Ilpo. "Washambuliaji watatu tumemaliza, na Torbjörn kafurahi."

"Sijafurahi, nimeridhika," alisema Torbjörn. "Mtu hafurahi ugenini."

"Bado mabeki wawili."

Chini, beki namba saba wa Hietaniva alijitupa mbele ya shuti na kulizuia kwa kifua. Watu walipiga makofi ya kawaida. Beki huyo alikuwa Aarni Luukela, kaka yake Virpi, aliyekufa miaka ishirini na sita iliyopita.

Tangu alipokufa hakukosa mashindano hata mara moja. Alitokea siku ya mechi ya kwanza, akakaa mwisho wa benchi, na kocha yeyote aliyekuwepo alimwingiza uwanjani alipoona inafaa. Alivaa kofia ya kizamani isiyo na kioo usoni na jezi yenye tangazo la kiwanda cha mabuti ya mpira kilichofungwa zamani. Chini ya kiti chake maji yalichuruzika mfululizo, na mama mfagizi aliweka beseni. Miaka ya mwanzo timu za nje zililalamika kwamba Hietaniva wanacheza wakiwa na mtu wa ziada. Shirikisho lilijibu kwa maandishi kwamba mchezaji asiyeonekana kwenye picha hawezi kuhesabiwa. Na kweli hakuonekana. Kwenye video, kisahani cheusi wanachokigombania kilionekana kikigeuka chenyewe hewani, na watu wa takwimu waliandika kwamba kimegonga mwamba wa goli.

Hakuwa msumbufu. Aliuliza swali moja tu, na alimuuliza yeyote aliyekuwa karibu: "Hiki ni kipindi cha ngapi?" Ukimjibu, alishukuru. Baada ya muda aliuliza tena.

Mama yao alikuwa akimletea glavu za sufu kila Desemba mpaka naye alipofariki. Yeye hakurudi. Hakuwa na kitu alichokuwa anakingoja.

Dakika moja kabla ya kipindi cha pili kwisha, Hugo Stenvall wa Norrvik, beki mkubwa mwenye mabega ya kabati, alimkuta Niilo Pyykkö wa Hietaniva ameinama kwenye ukuta wa uwanja, akamgonga. Mlio ulifika hadi chumba cha waandishi, na kahawa ikatetemeka kwenye vikombe. Ukweli ni kwamba hapakuwa na faulo. Niilo alilala kidogo, akainuka, akateleza vizuri kabisa kwenda kwenye benchi, akakaa. Lilikuwa benchi la Norrvik.

Vijana wa Norrvik walimpisha huku wanacheka. Uwanja mzima ulicheka, kwa upendo, jinsi watu wanavyomcheka mtoto wao wenyewe. Aarni ndiye aliyevuka barafu, akamshika mkono wa jezi na kumrudisha kwao.

Virpi hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Haya, mabeki," alisema Ilpo. "Mmoja ni Niilo, hilo halina mjadala. Kwanza katikisa mashindano mazima, pili umeona alivyoinuka?"

"Nimeona alikokwenda," alisema Virpi.

"Kakosea benchi. Mimi juzi nimekosea gari, nimekaa na mke wa mtu."

"Na wa pili ni Stenvall wangu," alisema Torbjörn. "Hata wewe huwezi kumkataa."

"Simkatai. Aliyegonga na aliyegongwa, wote nyota. Hiyo ndiyo hoki. Virpi, unasemaje?"

Virpi alikuwa na miaka arobaini, ukubwa wa kumzaa kaka yake. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa kwenye meza ile, na kila mwaka jina la Aarni lilipotajwa, maana lilitajwa kila mwaka, alitazama nje ya dirisha. Sasa alisema, "Nampigia kura Aarni. Aarni na Stenvall."

Ilpo aliweka soseji chini.

"Miaka yote hii hujawahi kumpigia kura kaka yako."

"Leo nampigia. Kazuia mashuti kuliko wote. Niilo aachwe."

"Unataka aachwe ili asirudi uwanjani."

"Ndiyo," alisema Virpi. "Ndicho ninachotaka. Nilidhani nitazunguka, lakini umesema mwenyewe."

Inabidi ieleweke jinsi mambo yanavyofanyika Hietaniva. Zamani sana, kabla Virpi hajazaliwa, mshambuliaji mmoja aliyechaguliwa nyota alikuwa ameshaondoka kwenda kwao na homa. Jina lake liliitwa. Mke wa mfadhili mkuu alisimama kwenye zulia jekundu na bakuli la kioo mkononi, amenyoosha mkono, na mbele yake hapakuwa na mtu. Alisimama hivyo hadi wimbo ulipokwisha. Picha ilitoka gazetini: vijana watano na pengo, na mama wa watu kanyoosha mkono kwa hewa. Watu wa Hietaniva wanaweza kuvumilia njaa, giza na kufungwa mabao tisa, ila aibu ya namna ile hawaiwezi. Ikawekwa sheria. Nyota lazima awe kwenye benchi, viatu vya barafu miguuni, king'ora cha mwisho kinapolia. Asipokuwepo, bakuli linakwenda kwa anayemfuata. Na ili pasiwe na kuviziana, mwenyekiti wa jopo hushuka mwenyewe wakati wa mapumziko ya pili, akamnong'oneza kocha: kijana wenu fulani awepo.

Hivyo ndivyo Aarni alivyorudi uwanjani mwaka ule aliokufa, baada ya kugongwa kwenye ukuta ule ule. Kocha wake alinong'onezwa. Alicheza kipindi cha tatu chote, akasimama kwenye mstari wa buluu, akapokea bakuli, akaenda nyumbani. Alijilaza kwenye kochi na soksi zake. Mama aliwaambia watu wa nyumbani waache kelele, akamfunika blanketi, akamwambia Virpi, aliyekuwa na miaka kumi na minne, apunguze sauti ya televisheni asije akamwamsha kaka yake. Virpi alipunguza.

"Virpi, dada yangu," alisema Ilpo, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Tukimchagua Aarni, picha itakuwaje? Aarni hatokei kwenye picha. Tutapata vijana watano na pengo. Sheria yenyewe iliwekwa kwa ajili ya pengo."

"Basi futeni hiyo sheria. Mpeni Niilo bakuli lake kitandani. Nitampelekea mimi mwenyewe kwa miguu."

"Asiyekuwepo na lake halipo."

"Ndivyo ulivyosema na mwaka ule."

"Nilisema, na nitasema. Halafu mtazame." Ilpo alielekeza kijiko dirishani. Aarni alikuwa anasubiri zamu yake ya kutoka barafuni, akiwapisha wenzake. "Angekuwa na kinyongo, angerudi? Mwaka hadi mwaka yupo, hajawahi hata kuchelewa. Wangapi kati ya walio hai wana moyo huo?"

Virpi alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwamba mtu anayeuliza saa kila dakika si kwamba anapenda sherehe. Badala yake alimgeukia Torbjörn, ambaye alikuwa anachezea kifuniko cha chupa ya kahawa.

"Torbjörn. Wewe una binti anayecheza."

"Ninaye," alisema Torbjörn. "Miaka kumi na sita. Golikipa, mkaidi kama mama yake." Alifungua kifuniko, akakifunga. "Angekwenda kukaa kwenye benchi la watu, mimi ningeshuka ngazi tatu tatu. Ilpo, daktari wao kasemaje?"

Ilpo aligeuza simu, akasogeza mbali na macho yake ili aweze kusoma. "Anasema kijana anajua jina lake, la mama yake, na la rais wa nchi."

"Ah," alisema Torbjörn, na ungeona mzigo unavyomshuka mabegani. "Kama daktari kasema, mimi ni nani? Stenvall na Pyykkö."

"Mbili kwa moja," alisema Ilpo. Alifuta haradali mdomoni, ikabaki kidogo pembeni, akachukua koti lake.

King'ora cha mapumziko kililia. Ilpo alikuwa na goti bovu, hivyo alitumia lifti, na lifti ya uwanja wa Hietaniva haimharakishi mtu. Virpi alishuka kwa ngazi.

Ukumbi wa vyumba vya kubadilishia nguo ulinuka glavu mbichi na mafuta ya kuchua. Nje ya mlango wa timu ya nyumbani kulikuwa na benchi refu la mbao, na juu yake walikaa wawili, Aarni na Niilo, kofia magotini. Beseni lilikuwa chini ya Aarni. Nje ya ukuta gari la kupiga barafu pasi lilikuwa linazunguka, na dereva wake alijua bila kuambiwa kwamba sehemu alizopita namba saba hazina mikwaruzo ya kufuta.

"Habari, shangazi," alisema Aarni, akamtabasamia jinsi vijana wenye adabu wanavyowatabasamia wanawake wa umri ule. "Hiki ni kipindi cha ngapi?"

"Cha tatu kinakaribia, kaka."

"Asante."

Virpi alichutama mbele ya Niilo. Kijana alikuwa na nywele za rangi ya majani makavu, na jicho lake moja lilikuwa na mboni kubwa kuliko ya jingine.

"Niilo, unanijua? Mimi ni Virpi, wa gazetini."

"Nakujua, shangazi. Uliniandika nilipofunga nikiwa na miaka kumi na mbili. Bibi kaibandika ile habari chooni." Alicheka, kisha akakunja uso kwa kuwa kucheka kulimuuma. "Hiki ni kipindi cha ngapi?"

Virpi aligeuka kumtazama Aarni. Maneno yalikuwa yale yale, na sauti ile ile ya mtu anayeuliza tu ili apange mambo yake.

"Mwanangu, kaa nje. Kaa hapa hapa, mimi nitakaa na wewe. Hutapungukiwa kitu."

"Nitapungukiwa kila kitu, shangazi. Wasaka vipaji kutoka Amerika wamekaa safu ya nne, mama kawaona. Wakisikia beki ana kichwa kibovu, basi, nitarudi kuuza mbao na baba." Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Hiki ni kipindi cha ngapi?"

Mlango ulifunguka. Kocha wa Hietaniva, mtu mfupi anayeitwa Raimo, alitoka na chupa ya maji, na wakati huo huo lifti ilifika na Ilpo akajitokeza na goti lake.

"Kijana wenu namba kumi na nne awepo," alinong'ona Ilpo, ingawa kwa mtu wa redio kunong'ona ni namna ya kusema tu.

Raimo alimpiga Niilo makofi mawili ya furaha juu ya kofia. "Umesikia? Nyota!"

"Raimo, mtoto hajui tuko wapi," alisema Virpi. "Nimeongea naye. Kaniuliza mara mbili."

"Dada Virpi, wewe ni mwandishi au umeshakuwa daktari?"

"Muulize. Muulize ni kipindi cha ngapi, sasa hivi, mbele yangu. Akijibu naondoka."

Raimo alikuwa na haraka, lakini hakuwa mtu wa kukataa jambo la haki. Alimuinamia Niilo. "Haya, bwana mkubwa. Tunaingia kipindi gani?"

Niilo alimtazama Raimo, akamtazama Virpi, kisha akageuza macho pembeni kwa Aarni, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani.

"Cha tatu," Aarni alimnong'oneza.

"Cha tatu," alisema Niilo.

Katika miaka ishirini na sita ilikuwa mara ya kwanza Aarni kulijua jibu. Alionekana kuridhika, kama mtu aliyemsaidia mgeni kupata basi lake.

"Si umesikia?" alisema Raimo. "Anajua."

Virpi alisimama mlangoni mwa njia ya kwenda barafuni, akashika nguzo mbili kwa mikono. Hakupiga kelele. Raimo alimshika mabega akamsogeza pembeni kwa heshima, jinsi unavyosogeza kiti cha watu ambacho huna ruhusa ya kukivunja.

"Pisha, mama. Barafu imeshakauka."

Niilo alicheza kipindi cha tatu chote, na alicheza vizuri, hilo lazima lisemwe. Mwili unajua kazi yake. Kila alipotoka barafuni hakujua akae wapi, na kila mara Aarni alisogea, akapangusa sehemu iliyokuwa na maji kwa kiganja cha glavu, akampa nafasi. Hietaniva walishinda kwa bao moja. King'ora kililia. Zulia jekundu lilitandikwa, na sauti ya Ilpo ikajaa uwanjani, nzito na tamu, sauti ambayo nusu ya mji ilikuwa imeisikia tangu tumboni mwa mama zao.

Vijana sita walisimama kwenye mstari wa buluu. Bakuli la Niilo lilitolewa na meya, aliyekuwa na kipaza sauti kwenye kola ya koti.

"Hongera sana, kijana."

"Asante," alisema Niilo. "Hiki ni kipindi cha ngapi?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Meya naye alicheka, akamkumbatia. "Mechi imekwisha, mwanangu. Mmeshinda!" Watu walipiga makofi kwa kusimama, na baadhi walijifuta machozi, maana unyenyekevu wa namna ile kwa kijana ni jambo la nadra.

Picha ilitoka vizuri, vijana sita bila pengo. Niilo ameinama kidogo upande wa kushoto, uzito wake wote umeegemea mahali ambapo hapana mtu, na hajaanguka.

Virpi alimkuta mama yake Niilo kwenye maegesho, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alimwambia ampeleke kijana hospitali. Alimwambia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amemshika mkono wa koti. Yule mama alikuwa mtu mwema na siku ile ndiyo ilikuwa siku kubwa ya maisha yake.

"Daktari wa timu kamtazama, dada. Kachoka tu, mwangalie. Mwache akalale." Kisha, kwa kuwa Hietaniva ni mji mdogo na kila mtu anajua msiba wa mwenzake, aliongeza kwa upole, "Najua kwa nini unasema hivyo. Si kila mtoto ni Aarni."

Ndani ya gari Niilo alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, bakuli limo mapajani. Mama yake aliingia, akazima redio, akaondoa gari taratibu ili lisimtikise.

Mwaka uliofuata Mcheki alipona tumbo lakini hakutumwa, hivyo jopo lilikuwa lile lile la watatu. Ilpo alileta kisu kutoka nyumbani, kikiwa kimefungwa kwa kamba mguuni mwa meza. Kabla ya fainali uwanja ulisimama kimya kwa dakika moja, na Ilpo alitangaza tuzo mpya, Tuzo ya Moyo ya Niilo Pyykkö, kwa mchezaji aliyeumia katika mashindano na akarudi uwanjani. Sharti lake lilikuwa lile lile: awepo.

Virpi alikuwa ameandika gazetini mara nne kuhusu sheria hiyo. Barua za wasomaji zilikuja nyingi, zote za heshima, zikimpa pole kwa msiba wake wa zamani.

"Mabeki," alisema Ilpo, akipaka haradali. "Ukiniuliza mimi, saba na kumi na nne ndio bora uwanjani, wanaelewana utadhani wamelala kitanda kimoja. Lakini hawatokei kwenye picha, ndiyo hivyo. Twende kwa wengine."

"Mimi nina kijana wa Norrvik," alisema Torbjörn. "Namba mbili, yule aliyeanguka vibaya kipindi cha kwanza. Wamemfunga bandeji, yuko chumbani kwao. Ningependa apate ile tuzo mpya pia, wasomaji wangu watafurahi."

"Kasimama?"

"Daktari wao anasema kasimama."

Virpi alisema hapana. Ilikuwa mbili kwa moja. Alishuka kwa ngazi, maana huko juu hapakuwa na la kufanya, na akasikia lifti ikianza kushuka nyuma yake.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la mbao, kofia magotini. Mabeseni sasa yalikuwa mawili. Nywele za Niilo zilikuwa zimelowa, na hazikukauka.

"Hiki ni kipindi cha ngapi?" Niilo alimuuliza Aarni.

"Sijui," alisema Aarni. "Hiki ni kipindi cha ngapi?"

Wote wawili waliinua macho wakamtazama Virpi, bila wasiwasi.

"Kimekwisha," alisema Virpi. Alikuwa hajawahi kumwambia. "Kimekwisha zamani, kaka. Nendeni nyumbani."

"Asante, shangazi," alisema Aarni.

Lifti ilifunguka. Ilpo alipita mbele yao akichechemea, haradali pembeni mwa mdomo, akawapungia mkono, akaelekea chumba cha Norrvik. Akagonga mlango.

Aarni na Niilo walitazama mlango ule. Kisha Niilo alisogea kidogo upande wa ukuta, na Aarni akasogea upande wa pili, akapangusa maji kwa kiganja cha glavu, wakaacha katikati yao nafasi ya mtu mmoja.